Skopu inakuza vizuri ila risasi haziendi unapolenga: dalili, sababu na cha kufanya

Watu wanaopiga shabaha kwa bunduki yenye skopu (darubini ya kulengea) wana malalamiko yanayojirudia, na ukiyafuatilia karibu yote yanaishia kwenye swali moja, "ninunue skopu yenye zumu kubwa kiasi gani?" Mi huwa nauliza kwanza, unalenga nini, hebu nionyeshe karatasi yako ya shabaha. Kwa sababu zumu haisogezi risasi hata milimita moja, kazi yake ni kukuonyesha tu, na inakuza kila kilichopo mbele yake, shabaha inakua, mtikisiko wa mikono unakua, mawimbi ya joto yanakua, na makosa ya kuweka jicho yanabaki pale pale. Wapigaji wa Olimpiki wa bunduki ya upepo mita 10 wanatafuta pointi 10 kwenye kidoto cha milimita 0.5, nusu milimita, na bunduki zao hazina skopu, wanachungulia kwenye tundu la nyuma na kuweka lile duara jeusi la milimita 30.5 katikati ya pete ya mbele, basi. Kile kidoto chenyewe hawakioni kabisa. Kinachowabeba ni kwamba shabaha na kifaa cha kulengea vimeendana, jicho linapata kitu rahisi cha kulinganisha. Hilo ndo jambo ambalo mwenye skopu ya zumu 24 anaweza kulikosa na mwenye zumu 4 akawa nalo.

Kwa hiyo twende dalili kwa dalili. Kila moja nimeanza na sababu inayotokea sana, na vitu vya kukagua bila gharama vinatangulia.

Ila kabla hujagusa skrubu yoyote, toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa macho na uiguse kwa kidole, halafu weka risasi mbali na meza unayofanyia kazi. Mtutu uelekee upande salama muda wote hata kama umeshakagua mara tatu. Na usitumie skopu iliyofungwa kwenye bunduki kuangalia watu au vitu usivyokusudia kupiga, kwa hilo tumia darubini ya mkononi. Juani usiielekeze kabisa, jicho halina spea.

"Nikipandisha zumu msalaba unacheza, hautulii hata sekunde"

Hii ndo inaongoza. Mtu anapandisha mpaka mwisho akidhani ataona vizuri zaidi, msalaba (ile mistari ya kulengea ndani ya skopu) unaanza kutembea kwenye karatasi nzima, anasubiri upite katikati halafu anavuta triga kwa kushtukiza, na ule mshtuko ndo unaoharibu, sio kule kutembea kwa msalaba. Mtikisiko ulikuwepo toka mwanzo hata kwenye zumu 4, tofauti ni kwamba sasa unauona na akili inataka kuukamata.

Cha kwanza, shusha zumu. Kama una ile ya kawaida ya 3-9x40 (maana yake zumu 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40) weka 6 upige risasi 5, halafu 9 upige 5 nyingine kwenye alama nyingine, bila kugusa kitu kingine. Watu wengi wanakuta kundi la matundu la zumu 6 ni dogo au ni sawa. Ukiwa umesimama au umechuchumaa bila egemeo, hata 4 inatosha kabisa.

Kama kushusha hakujasaidia, angalia egemeo. Mfuko wa mchanga wa mbele ukae chini ya mbao au plastiki ya bunduki, usiwe chini ya mtutu wenyewe kabisa kabisa, maana ukiegemeza mtutu risasi zinahama na utalaumu skopu. Nyuma nako weka mfuko mdogo chini ya kitako, watu wanausahau huu wa nyuma wakati ndo unaodhibiti juu na chini, ukiuminya kwa mkono kitako kinapanda na msalaba unashuka, ukilegeza msalaba unapanda, unakuwa unalenga kwa kuminya mchanga na sio kwa kulazimisha bega.

Halafu kuna mkao. Lenga, fumba macho, vuta pumzi mbili za kawaida, fumbua. Msalaba uko wapi? Ukikuta umeenda kushoto maana yake mwili wako unataka kwenda kushoto na wewe ulikuwa unaushikilia kwa misuli, kwa hiyo sogeza mwili mzima, nyonga na viwiko, usipinde tu mikono. Rudia mpaka ukifumbua msalaba uko pale pale. Zoezi hili fanya bunduki ikiwa tupu, dakika 10 kwa siku, litakupa kitu ambacho zumu 20 haiwezi kukupa.

"Naiona shabaha vizuri kabisa ila matundu yanatawanyika juu na chini"

Hapa nataka kukaa kidogo maana ndo penye kiini cha mambo yote.

Chukua karatasi ya kawaida yenye duara kubwa jeusi katikati, weka mita 100, chungulia na skopu yenye msalaba mweusi mwembamba. Ukifika katikati ya lile jeusi msalaba unapotea. Mweusi juu ya mweusi. Jicho linabaki kukisia katikati iko wapi, na kila risasi linakisia tofauti kidogo, na kwa kuwa ukiwa umeegemea mifuko kushoto kulia kumeshikwa vizuri zaidi, kosa kubwa linatokea juu chini. Mtu anasema bunduki yangu inapanga risasi kama ngazi, anaenda kununua risasi za bei, wakati tatizo ni wino wa karatasi.

Jaribu hivi, chukua kipande cha karatasi nyeupe, chora mraba kwa kalamu nene, mistari tu, katikati uache peupe. Msalaba ukikaa humo ndani unaona kona nne, kila robo ina kipande chake cheupe, na robo moja ikiwa nyembamba kuliko mwenzake jicho linagundua papo hapo hata kama tofauti ni ndogo sana. Mi nilikuwa na siku moja kundi linanipanga wima kama urefu wa kidole cha kati, nikageuza karatasi ile ile upande wa nyuma, nikachora mraba kwa maka pen, bunduki ile ile risasi zile zile, matundu yakakaa yakigusana mawili mawili. Sikubadilisha kitu kingine.

Umbo lingine zuri ni mraba uliosimama kwa kona, yaani almasi, kila mkono wa msalaba unaingia kwenye ncha yake. Duara tupu lisilojazwa nalo linafaa kwa skopu yenye kidoto katikati. Duara lililojazwa lina kazi yake kwenye bunduki za kuchungulia bila lenzi, ndo maana liko kwenye karatasi nyingi, limerithiwa tu.

Sababu ya pili ni ukubwa wa alama kuendana na zumu. Alama kubwa mno inakupa nafasi ya kukosea bila kujua, ndogo mno inafunikwa na msalaba. Kwa mita 100 mi hutumia mraba wa sentimita 5 hivi kwa zumu 4, sentimita 2.5 kwa zumu 9 au 10, na kuanzia 20 kwenda juu sentimita 1 na kidogo. Ukienda mita 50 gawa kwa mbili, mita 200 zidisha mara mbili. Hii sio sheria, ni pa kuanzia, kinachotakiwa ni uone weupe pande zote za msalaba, mwembamba lakini unaonekana.

Hapo pia kuna suala la unene wa msalaba wenyewe. Skopu ambazo msalaba unakua pamoja na picha ukizungusha zumu, mstari unafunika eneo lile lile la karatasi siku zote, mfano mstari wa mili 0.05 (mili ni kipimo cha pembe, mili moja ni sentimita 10 kwenye mita 100) unafunika milimita 5 kwenye mita 100, na tundu la risasi ya .22 (ile ndogo ya inchi 0.22) lina upana wa kama milimita 5.6. Kwa hiyo ukiwa na skopu ya hivyo kidoto cha milimita 4 hakina maana, hutakiona.

Sababu ya tatu, mwanga. Karatasi nyeupe pee kwenye jua la saa sita inaumiza jicho, baada ya risasi 15 unaanza kuona mabaka, bandika alama yako kwenye boksi la kaki uone nafuu yake. Karatasi ikiwa nusu kivulini nusu juani nayo inadanganya, upande wenye mwanga unaonekana mkubwa. Na kama karatasi inapepea kwa upepo ibane kona zote nne, hilo ni dogo ila nimeona mtu amemaliza nusu boksi la risasi akipiga karatasi inayocheza.

Ukishamaliza haya yote na bado matundu ni wima, sasa angalia pumzi (fyatua kila mara kwenye sehemu ile ile, ule utulivu baada ya kutoa pumzi), halafu risasi zenyewe, kwa .22 hasa kasi ya risasi moja na nyingine inaweza kutofautiana na mbali inaonekana juu chini. Jaribu aina tatu nne za risasi, badilisha kitu kimoja kwa wakati.

"Sioni matundu yangu ndo maana napandisha zumu"

Kulenga na kuona matundu ni kazi mbili. Tundu la .22 ndani ya wino mweusi mita 100 ni gumu hata kwa zumu 12. Weka darubini ya kutazamia kwenye miguu mitatu pembeni yako, au tumia karatasi zile zinazopasuka rangi ya njano risasi ikipita, au lenga alama iliyo mbali na pale risasi zinapotua, yaani geuza nobu (kile kifundo cha skopu cha kurekebisha risasi zinapotua) risasi zitue sentimita 5 juu kwenye weupe, kundi utaliona na alama yako ya kulengea inabaki nzima. Hii ya mwisho ni nzuri sana wakati wa kupima ukubwa wa kundi, kwa sababu ukishatoboa ile alama huna tena pa kulenga.

Kwenda mbele kukagua karatasi, ni mpaka wote mstarini wamefungua bolti na msimamizi ametangaza. Hata kama mko wawili tu.

"Nikisogeza kichwa msalaba unaelea juu ya shabaha"

Bunduki imelala kwenye mifuko haiguswi, unasogeza jicho kidogo kushoto, msalaba unaenda. Hiyo ni paralaksi, picha ya shabaha na msalaba havijakaa mahali pamoja ndani ya skopu. Kwenye zumu ndogo huioni sana, zumu kubwa inakuonyesha waziwazi, ndo maana mtu anadhani zumu ndo imeleta ugonjwa.

Anza na fokasi ya msalaba, ile pete ya nyuma kabisa karibu na jicho lako. Watu wengi hawajawahi kuigusa au wameitumia kusafisha picha ya shabaha, sio kazi yake. Elekeza kwenye anga tupu au ukuta mweupe (jua liwe mgongoni), angalia mbali kwa jicho tupu sekunde chache halafu chungulia haraka, msalaba unatakiwa uwe mkali papo hapo. Ukichelewa jicho linajirekebisha lenyewe na linakudanganya, kwa hiyo tazama kwa muda mfupi, toa, zungusha kidogo, rudia. Ukishaipata weka alama, uiache.

Ndo uende kwenye nobu ya pembeni au pete ya lenzi ya mbele. Usiamini namba za umbali zilizoandikwa, zungusha huku unasogeza kichwa kama unaitikia ndiyo polepole, simamia pale msalaba unapoacha kuelea. Picha kali na paralaksi iliyoisha vinatakiwa viwe mahali pamoja, kama haviko pamoja rudi kwenye fokasi ya msalaba, ndo ilikosewa.

Kama skopu yako haina nobu hiyo, imefungiwa umbali mmoja kiwandani, za bunduki kubwa nyingi ni yadi 100 ambayo ni mita 91, za .22 nyingi ni yadi 50. Skopu ya lenzi milimita 40 iliyofungiwa mita 91 ukiitumia mita 25, jicho likiwa pembeni kabisa mwa picha kosa linaweza kukaribia sentimita moja na nusu. Kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 50 duara la 10 lina milimita 10.4 tu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Dawa ya hapo ni kuweka shavu sehemu ile ile kila risasi, hata kwa kubandika kipande cha plasta kwenye kitako ukisikie shavuni. Usifungue lenzi ya mbele mwenyewe kujaribu kuisogeza, gesi iliyojazwa ndani inatoka na ukungu unaanza, mwachie fundi.

"Kivuli cheusi kinaingia, picha ni kama naangalia kwenye bomba"

Kagua umbali wa jicho kwanza. Skopu nyingi zinataka jicho liwe kama sentimita 8 hadi 10 nyuma ya lenzi, na nyingi umbali huo unapungua ukipandisha zumu, kwa hiyo mtu aliyefunga skopu akiwa kwenye zumu 3 anakuta kwenye 9 haioni. Pangilia ukiwa kwenye zumu ya juu kabisa, umelala au umekaa mkao unaoutumia kweli, macho umefumba halafu fumbua, picha iwe imejaa bila kunyoosha shingo. Kwa bunduki yenye teke kubwa usisogeze skopu karibu ili kupata picha kubwa, itakupasua nyusi, na hicho kidonda kinakuja na woga wa triga unaokaa miezi.

Kama picha imejaa ila ni giza jioni, hesabu ni rahisi, gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa zumu. Lenzi 40 kwa zumu 9 inakupa duara la mwanga la milimita 4.4 linalofika jichoni. Lenzi 50 kwa zumu 25 inakupa milimita 2 tu. Mchana mboni yako imejibana iko kama milimita 2 hadi 3 hivyo huoni shida, mwanga ukipungua mboni inafunguka zaidi na ile milimita 2 inakuwa haitoshi. Punguza zumu, picha itang'aa na kichwa kitapata uhuru zaidi wa kukaa. Hakuna kitu cha kutengeneza hapo.

"Asubuhi sawa, mchana shabaha inachemka kama iko kwenye maji"

Mazigazi. Hewa ya moto inapanda kutoka ardhini na mwanga unapinda ukipita humo, shabaha unayoiona haiko pale hasa unapoiona, inaweza kuonekana imepanda au imesogea upande upepo unakoelekea. Zumu 20 inakuza na huo mchemko pia. Teremka mpaka 10 au 12, na badilisha karatasi, hapa vidoto vidogo havina kazi kabisa, weka mraba mkubwa wa mistari minene ambao hata ukicheza jicho linapata wastani wake. Piga mapema kabla ardhi haijapata moto, au subiri wingu.

Ila kuna mazigazi mengine ya karibu ambayo watu hawayajui, yale yanayotoka kwenye mtutu wako mwenyewe. Baada ya risasi 10 za haraka mtutu unatoa joto linalopanda mbele ya lenzi. Namna ya kutambua, puliza juu ya mtutu au pepea na karatasi, picha ikisafika kwa muda ndo huo. Acha upoe bolti ikiwa wazi. Mtutu mwembamba ukipata moto unaweza pia kuhamisha risasi zenyewe, unakuta tatu za kwanza pamoja halafu zinazofuata zinatembea upande mmoja, hapo skopu haihusiki.

"Nimebadilisha zumu, risasi zimehama"

Kwanza jiulize, zimehama ukilenga katikati ya msalaba, au zimehama ukitumia vile vialama vya chini?

Kama ni vialama vya chini, pengine skopu haina kosa lolote. Kwenye skopu ambazo msalaba unabaki unene ule ule ukizungusha zumu, vile vialama vina thamani iliyoandikwa kwenye zumu moja tu, mara nyingi ya juu kabisa. Alama ya mili 2 kwenye zumu 10 inakuwa mili 4 ukishuka 5. Kwa hiyo kama unashusha zumu kwa ajili ya mazigazi, geuza nobu badala ya kutumia vialama, au fanya hiyo hesabu.

Kama ni katikati kabisa, bana bunduki tupu isicheze, weka msalaba kwenye kona ya mraba, zungusha zumu toka chini hadi juu huku unatazama bila kugusa bunduki. Msalaba ukitoka kwenye kona na kurudi, ndani hakuna mpangilio mzuri, zipo skopu za bei ya chini zinafanya hivi. Thibitisha kwa risasi 5 zumu ya chini na 5 ya juu. Ikithibitika, chagua zumu moja, weka ziro hapo (yaani rekebisha risasi zitue pale unapolenga), bandika tepu usiizungushe tena, shabaha utapiga vizuri tu. Kuitengeneza ndani si kazi ya mezani nyumbani.

"Nageuza kliki lakini risasi haziendi" au "ziro yangu kila wiki inahama"

Sababu namba moja ni hesabu. Skopu ya robo MOA (MOA ni kipimo kingine cha pembe), kliki moja, yaani mlio mmoja wa nobu ukigeuza, ni kama milimita 7 kwenye mita 100, lakini mita 25 ni chini ya milimita 2. Skopu ya mili 0.1 ni sentimita 1 kwenye mita 100, milimita 2.5 kwenye mita 25. Mtu anapiga kliki 4 akiwa mita 25 anaona hakuna kilichotokea, analaumu nobu. Na usichanganye msalaba wa mili na nobu za MOA, mili moja ni MOA 3.44, soma kilichoandikwa juu ya nobu.

Namba mbili ni kufukuza kila tundu. Risasi moja ikienda kushoto mtu anageuza, inayofuata inaenda kulia anageuza tena. Piga 5, tafuta katikati ya kundi, ndo ugeuze. Kundi la risasi 3 linaweza kukuonea huruma kwa bahati.

Tatu, skrubu. Hapa mi hutumia rangi ya kucha, kila ukifunga skopu paka mstari mwembamba unaovuka kichwa cha skrubu na ringi yake (ringi ni pete zinazobana skopu, zinakaa juu ya besi iliyofungwa kwenye bunduki). Nilishahangaika wiki mbili na ziro inayohama, siku nilipoinama kuangalia kwa karibu nikakuta mstari mwekundu wa skrubu moja ya besi umekatika, nusu yake imezunguka kama mshale wa saa toka 12 mpaka 1. Besi imefichwa chini ya skopu huwezi kuiona ukikaza ringi tu, kwa hiyo toa skopu ukague na za chini, na zile zinazoshika bunduki kwenye mbao yake.

Kukaza usikaze kwa hasira. Fuata kipimo cha aliyetengeneza ringi, za ringi mara nyingi ni kati ya inchi-paundi 15 na 18, kama nyutoni-mita 1.7 hadi 2, ni kidogo kuliko mkono unavyodhani. Ukizidisha bomba la skopu linaminywa na pete ya zumu inaanza kuwa ngumu. Kaza kwa zamu kimsalaba, na kabla ya mwisho ning'iniza timazi mbali kidogo, linganisha mstari wa wima wa msalaba na uzi huku bunduki umeipima kwa pima maji. Msalaba uliolala upande, kwa umbali mdogo kosa lake halionekani, ila mbali risasi zinaenda pembeni kila ukipandisha nobu.

Skrubu zote ziko sawa? Basi pima nobu, lenga alama moja, piga 1, panda kliki 20, kulia 20, shuka 20, kushoto 20, ukipiga 1 baada ya kila hatua, risasi ya mwisho irudi kwenye tundu la kwanza na umbo liwe mraba. Lisiporudi, skopu imechoka ndani. Bunduki za upepo za springi zinaua skopu sana kwa sababu zinapiga teke nyuma halafu mbele, ni lazima skopu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Nobu ikifika mwisho wa mzunguko na bado hujafika, simama, usilazimishe. Pengine matundu ya besi yamechimbwa vibaya au besi imepinda, hiyo ni ya fundi bunduki.

Mambo ambayo sio ya kujaribu mwenyewe

Ukungu kwa ndani ya lenzi, kitu kinagonga ukitikisa skopu, ufa kwenye bomba, pete iliyoganda, hivyo fundi tu. Ukungu wa nje futa kwa kitambaa laini baada ya kupeperusha vumbi.

Shabaha ya chuma yenye vishimo au iliyopinda iondoe, risasi inarudisha vipande kwa wapigaji, na chuma chochote kwa bunduki ya upepo karibu karibu usipige bila miwani. Jiwe na maji usivipige kabisa, risasi inaruka huwezi kujua inaenda wapi. Nyuma ya kila shabaha kuwe na tuta, na uwe umeliona kwa macho yako mawili, sio kupitia skopu maana ukiwa kwenye zumu kubwa huoni kinachotokea pembeni.

Ukivuta triga ikagonga tu bila mlio, shikilia mtutu kwenye tuta sekunde 30 nzima kabla ya kufungua, risasi inaweza kuchelewa. Na ukisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, teke dogo, na hakuna tundu jipya kwenye karatasi, usiseme nimekosa ukaongeza zumu kutafuta. Acha kupiga. Inawezekana risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikipigwa nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Baada ya zile sekunde 30 fungua bolti, toa kila kitu, mwite msimamizi, bunduki ibaki hivyo hivyo imeelekea tutani mpaka fundi aikague mtutu wote.